Hesabu Niliyowanyima Wanafunzi Wangu

Amu, Mfunguo Tatu

Kwa mdogo wangu mpenzi, Vuai bin Haji, Mungu akuhifadhi wewe na wote waliomo nyumbani mwako.

Baada ya salamu nyingi, nakuarifu kwamba mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa goti la kushoto, na hilo unalijua. Homa iliyonilaza mwezi uliopita imekwisha. Nataraji nawe hujambo, na kifua cha shemeji yangu kimepata nafuu. Barua yako imenifikia salama nami nimeisoma mara mbili. Waniuliza kwa nini sirudi Unguja, na hali kazi ya serikali imeniponyoka. Umesikia kwamba imeniponyoka, hukusikia imeponyokaje. Basi kaa vizuri, nikueleze tangu mwanzo, wala usiniharakishe. Nakuandikia nikiwa bado nina hasira, kwa hiyo ukikuta neno kali, lipite.

Wajua kwamba kwa miaka tisa nimefundisha katika karakana ya serikali hapa Amu, pale karibu na gati. Asubuhi wanafunzi walijifunza kwa mikono: kukata chuma, kupiga tupa, kuziba mabomba. Baada ya adhuhuri walijifunza kwa akili: hesabu, duara na pembe, na kuichora mashine kwa rula kabla hawajaruhusiwa kuigusa. Wengi wamekwisha kutoka mikononi mwangu. Wako mjini hapa, wako Pate na Ndau, na wengine wako bara upande wa Kililana, ambako Wazungu wamelima pamba na kuweka mashine za kuichambua.

Mwaka huu tuliletewa injinia mpya, Mzungu. Ni kijana, na meza yake ni safi mno kwa mtu wa chuma. Wiki ya pili tangu aje, alinionyesha ubao wangu wa hesabu akamwambia karani wake anitafsirie: "Bwana Injinia auliza, hivi ni vya nini?" Nikajibu kwamba ni vya kumwezesha mtu kuijua mashine kabla haijamjua yeye. Karani alicheka. Injinia hakucheka.

Baadaye akatangaza kwamba serikali yataka kuamua namna ya kufundisha ufundi wa mashine siku zijazo, na kwamba kabla ya kuamua, wanafunzi wote wa zamani waitwe watoe shauri. Maneno mazuri, Vuai. Mimi mwenyewe niliandika barua za kuwaita, na mashua ikazipeleka visiwani na bara. Nilifurahi. Nilijua injinia ataka kufuta hesabu, nami nilidhani kwamba naleta jeshi langu.

Walikuja zaidi ya ishirini, siku ya Alhamisi baada ya sala ya alasiri, wakakaa juu ya mikeka mle karakana. Injinia alikaa kitini. Akasema, na karani akatafsiri, kwamba mtu wa Amu ni hodari sana wa mikono, hakuna asiyejua. Lakini hesabu zampotezea wakati, maana kazi iliyopo ni kutia kuni, kutia mafuta, na kumwita Mzungu mashine ikiharibika. Kisha akawataka waseme bila woga.

Wa kwanza kusimama alikuwa Shee. Huyu ni mtoto wa nyumba kubwa hapa mjini, na katika wanafunzi wangu wote hakuna aliyemfikia kwa hesabu. Sasa ni karani forodhani. Nilijinyoosha kidogo nilipomwona anasimama. Nakuandikia maneno yake na ya wenzake kama walivyoyasema, kwa Kiamu chao: yeo ni leo, kutora ni kuchora, mato ni macho, nde ni nje.

"Maalim, miaka mitatu umenitoresha maduara," alisema. "Yeo nahesabu magunia ya simsim. Hayo maduara niyatie wapi? Niyatie ndani ya magunia?"

Watu wakacheka.

"Kosa la magunia si kosa la duara," nilimwambia. "Nani aliyekupeleka forodhani?"

"Njaa, Maalim. Yeye hakuuliza hesabu."

Wakacheka tena, na injinia, alipotafsiriwa, naye akacheka. Hilo ndilo lililonichoma: kijana niliyemlea akimchekesha mtu anayetaka kuivunja kazi yangu. Nikawaambia hao waliokuwa wakicheka kwamba wamekuja kuuza urithi wa watoto wao kwa kikombe cha kahawa ya serikali. Ni neno baya. Nililisema, na silirudishi.

Kisha nikamtafuta wa kunisaidia. Nyuma kabisa, mlangoni, alikuwa amesimama Lali wa Ndau, aliyekuwa akiendesha mashine ya pamba kule bara. Huyu alitoka kwangu kabla hajamaliza, kwa sababu mwenye shamba alimtaka upesi. Mwaka juzi nilisikia kwamba ameungua kwa mvuke. Nilipoulizwa na watu, nilisema, "Lali alikuwa na pupa." Nilisema hivyo pale gatini, na msikitini pia, baada ya sala. Siku hiyo nikamwita nikisema, "Lali, wewe umefanya kazi na mashine kubwa. Waambie hawa ilivyo mashine mbele ya mtu asiyejua hesabu."

"Nipeni ndia," alisema. Wakampisha, akaja mbele, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya kanzu. "Nitawambia. Lakini sikuya kukutetea, Mwalimu."

Hapa lazima nikueleze kitu, ingawa wewe ni fundi wa saa na si wa mvuke. Juu ya pipa la mvuke pana kilango kidogo. Mvuke ukizidi, hukisukuma, kikafunguka, ukatoka nje, na watu wakasalimika. Kinachokizuia kisifunguke ovyo ni fimbo ya chuma iliyolala juu yake, ncha moja ikiwa imeshikwa na bawaba, na kwenye fimbo hiyo huning'inizwa jiwe la chuma, kama kwenye mizani. Ukilisogeza jiwe mbali na bawaba, kilango huwa kizito kufunguka. Ukilirudisha karibu, huwa chepesi. Ukibadili uzito wa jiwe, lazima ubadili na mahali pake. Ni hesabu ya mistari minne.

Nami hesabu hiyo sikumfundisha mtu mpaka atoe kilemba.

Wewe waijua desturi yetu, maana sote wawili tulilelewa nayo, lakini nataka kuieleza, kwa sababu nikiieleza ndipo naiona. Mwanafunzi akimaliza, humletea fundi wake kitambaa cha kilemba mbele ya watu, na fundi humpa radhi yake. Na kila fundi huweka jambo moja asilolisema mpaka siku hiyo. Baba alituficha namna ya kuchovya chuma kikawa kigumu, mpaka tulipompelekea vilemba vyetu. Mimi nilificha hesabu ya kilango. Kwenye kila fimbo iliyopita karakanani nilipiga alama kwa patasi, nikawaambia wanafunzi, "Jiwe likae hapa. Msiulize."

Lali akanitazama usoni.

"Siku niliyokuuliza kwa nini jiwe likae hapa, ulinambiaye?"

"Nilikwambia utajua siku yako," nilimjibu.

"Siku yangu ni ipi?"

"Siku ya kilemba."

"Haya. Sikilizani nyote. Tulipoishusha ile mashine bara, jiwe lake lilianguka mayini, likapotea. Nikatafuta chuma kingine. Nikapata kipande cha nanga, kizito kulishinda lile. Nikakifunga wapi? Nikakifunga kwenye alama ya mwalimu! Maana mwalimu alisema hapa, na mimi nilimwamini mwalimu kuliko mato yangu."

Akautoa mkono. Sitakueleza ulivyo. Vidole vitatu vimeshikana na havifunguki, naye hawezi tena kushika tupa.

"Kilango hakikufunguka," alisema. "Bomba ndilo lililofunguka. Kisha naambiwa Mwalimu asema mimi nina pupa. Ni kweli?"

"Nilisema," nilimjibu.

"Basi sema tena, hapa."

Nikarudi nikakaa mkekani.

Lakini Lali hakuwa amemaliza. Alimgeukia injinia. "Na wewe, Bwana, wasema hesabu si kazi yetu. Basi mkono kama huu huungua kwa shauri lenu nyote wawili. Mimi nataka hesabu yote ifundishwe, siku ya kwanza, kwa kila mtu, kitambaa kiwepo kisiwepo. Na asifundishe huyu."

Karani alitafsiri, naye sasa hakuwa akicheka. Injinia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafanya jambo ambalo sitamsamehe mpaka nizikwe. Alinigeukia kwa heshima kubwa akasema, "Mwalimu, basi tumekubaliana. Nawe uliona kwamba hesabu si ya kila mtu. Tofauti yetu ni idadi tu: wewe uliwapa wachache, mimi sitampa hata mmoja."

Hebu fikiri. Nimemchukia mtu huyu tangu siku aliyouliza ubao wangu ni wa nini, kumbe miaka tisa nilikuwa nikimtengenezea hoja. Nilitaka kusema kwamba mimi nilificha kwa kuiheshimu elimu na yeye aficha kwa kuwadharau watu. Nadhani ni kweli. Lakini mkono wa Lali ulikuwa mbele yangu, na mkono ule haukuungua kwa namna mbili.

Mkutano ukavunjika kwa kelele. Shee na wenzake watatu walikuwa wakigombana mlangoni, mmoja akimwita mwenzake mtumwa wa forodha. Nilipofika nyumbani, Bi Khadija, mwenye nyumba ninayokaa, alikwisha kuyapata yote. Akaniambia kutoka nyuma ya mlango, "Maalim Makame, nasikia wanafunzi wamekupa kilemba yeo, cha kukufunga mdomo."

"Kimenienea, Bi," nilimjibu.

"Basi kivae. Chakula kiko pale."

Siku ya tatu uamuzi ulisomwa. Hesabu imefutwa, uchoraji umefutwa, na ubao umegeuzwa kuwa meza. Nami naweza kubaki nifundishe kutia kuni na mafuta. Nikamwambia karani amwambie Bwana wake kwamba mtu wa kutia mafuta hahitaji mwalimu, ahitaji kopo. Nikarudisha funguo. Hivyo ndivyo kazi ilivyoniponyoka.

Nilikuwa nimekwisha kufunga sanduku nirudi huko. Kisha nikalifungua. Nikachukua mkaa, nikaandika hesabu ya kilango kwenye ukuta mweupe wa baraza la Bi Khadija, mstari wa kwanza mpaka wa nne, kila mpita njia auone. Bi Khadija alinigombeza kwa ajili ya chokaa yake mpaka alipochoka. Nikamwomba mwadhini awaambie watu kwamba kila siku baada ya alasiri natoa somo la mashine, na kilemba sikitaki. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili alikuja Shee, akasimama ng'ambo ya njia, akausoma ukuta wote, akaenda zake.

Siku ya nne alikuja Lali kutoka Ndau. Nilimtolea salamu. Akaitikia kwa kuwa ni wajibu. Nikamkaribisha juu ya mkeka. Akakaa kwenye jiwe la ngazi.

"Sikuya kwako," alisema. "Nimekuya kwa hesabu."

"Hesabu iko kwangu."

"Ndiyo maana nimekaa nde."

Nikamsomea mistari ile. Aliniuliza maswali mazuri, kwa sauti ya mtu anayemhoji mwizi. Nilipomaliza akasema, "Sasa kile chuma changu cha nanga. Kingekaa wapi?"

Alikuwa anaujua uzito wake. Aliupima baada ya kuungua, mara nyingi, akauweka moyoni. Tukapiga hesabu pamoja, mimi nikisema na yeye akiandika ukutani kwa mkono wa kushoto, herufi zikipinda. Jibu lilipotoka, akachora fimbo, akatia alama yangu pale nilipoipiga, kisha akapima kurudi nyuma kuelekea bawaba.

Ilikuwa shubiri moja ya mkono, Vuai. Shubiri moja tu.

Aliweka kidole pale. Nikamwambia, "Lali, nilikosa." Nilisema pia kwamba nitakwenda kulisema pale gatini na msikitini, kule nilikomsengenya. Hakusema amenisamehe, wala sikumwomba. Alijifuta mkaa kwenye kanzu akasimama.

"Kesho nitakuya na wawili wa Ndau," alisema. "Waeleze wazi, hata jambo wasilokuuliza."

Wamekuja. Jana walikuwa watano, na mmoja amemaliza kuchora kilango bila rula. Kwa hiyo ndugu yangu, usinitazamie mwezi huu wala ujao. Gatini nimekwisha kusema. Msikitini nitasema Ijumaa.

Nisalimie shemeji yangu, mke wako, anywe dawa wala asiitupe dirishani. Msalimie dada yetu mkubwa, umsomee barua hii polepole, maana atauliza kila neno. Wasalimie wakwe zako, na mwalimu wa chuo wa mtaani petu, umwambie sijamsahau kwa fimbo zake. Lali sasa yuko barazani, amefika mapema. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia ni ndugu yangu. Akasema, "Mwandikie kweli." Sikupata kwake salamu za kukutumia, ila hizo.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Makame bin Haji