Baba Alivyonitangulia Mlimani

Mutuini,
17 Agosti 1988

Dada Wanjugu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Natumaini wewe na shemeji hamjambo huko Nakuru, na kwamba kikohozi cha Ndungu mdogo kimeisha. Sisi tu wazima, ila mimi nakaa kwa kujihurumia, na sasa hivi utajua kwa nini.

Najua habari zimekufikia, maana Mama hawezi kukaa na neno: binti wa miaka ishirini na sita ameachwa mlimani na mzee wa sitini na tatu. Cheka umalize, kisha usome.

Unakumbuka daktari alivyomwambia Baba kuwa moyo wake umechoka, aache kupeleka maziwa kwa baiskeli. Baba alimshukuru sana, na kesho yake alfajiri akafunga mitungi kama kawaida. Alisema hawezi kuwaachia wateja wake wa Kileleshwa mtu wa kusukuma baiskeli kwa miguu mlimani hadi maziwa yaharibike. Nilipojitolea, alinicheka. Akasema siku nitakayomtangulia kutoka mtoni hadi lango la mteja wake Bwana Balwant, mitungi ikiwa imejaa, siku hiyo ataacha. Na alijua vizuri kwamba sijawahi kupanda baiskeli!

Basi nikaazima ya mjomba Gerishon. Nilianguka mtaroni mbele ya akina mama wa kanisa, nikaamka, nikaendelea. Nilipoanza kwenda mlimani nilikuwa nauvamia kwa nguvu zote kutoka chini, na kila mara katikati nashuka, nahema, nasukuma. Wiki tatu nzima! Bwana Balwant mwenyewe, ambaye ujanani alishindana kwa baiskeli, ndiye aliyenionea huruma. Alinieleza niuanze mlima kana kwamba sina haraka, nisiinuke kitini, nihesabu ninavyokanyaga, na nguvu niziweke kwa ile sehemu ya juu ambako wengine huishiwa. Nilidhani ananitania. Kufikia Julai nilikuwa nafika langoni na pumzi ya kumsalimu.

Jumamosi moja tukashindana. Baba alitoka mbio, shati limelowa mgongoni. Mimi nikaanza polepole, na kwenye kona nikamfikia.

Wanjugu, jambo hili sijamwambia hata Mama. Sikushindwa. Nilikuwa ubavuni pake na miguu yangu bado ina nguvu. Nikasikia anavyovuta pumzi, nikaona shingo yake ilivyokonda, na sikuweza kumpita baba yangu. Nilipunguza mwendo. Akafika, akashika lango kwa mikono miwili, na hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini: nilikuwa nimemrudisha mlimani kila siku, hadi siku moyo utakapokataa. Jumapili sikusikia neno hata moja la mahubiri.

Jumatatu nilipotoka nje nilikuta mitungi imeshafungwa, na Baba amekaa kwenye kigoda na kikombe cha chai, amevaa ndara. Akaniambia nichukue baiskeli yake, ya mjomba mnyororo wake ni mbaya. Nikamwuliza si yeye ndiye aliyeshinda. Akasema amepanda mlima ule miaka thelathini na anawajua watu wanaoupanda. Aliyeishiwa hushuka. Anayepunguza na bado anakwenda, huyo ana nguvu za kuweka akiba. Yeye, akasema, angepunguza kidogo tu angeanguka. Halafu akanifukuza, eti Bwana Balwant hunywa chai mapema.

Nililia hadi Dagoretti Corner, dada, na watu walinitazama, na sikujali hata kidogo. Tangu siku hiyo Baba anaamka nami, anakagua breki, ananisimamia mpaka nitoke langoni, kisha anarudi kulala. Analala, Wanjugu! Mama anasema hajawahi kumwona kitandani jua likiwa limetoka.

Msalimie shemeji, umbusu Ndungu kwa niaba ya mama zake wadogo wote. Watu wakikucheka kwamba mdogo wako alishindwa na mzee, waache wacheke.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Hannah Wamucii