Stempu Isiyo na Kichwa cha Malkia

Penzance, 3 Machi 2011

Mdogo wangu Jory,

Hujambo huko Lerwick? Sisi wazima, ila magoti yangu ndiyo yale yale. Shemeji yako Denzil anakusalimu.

Sitazunguka. Jana nilifungua albamu ya Baba. Unajua alivyonunua stempu za kumbukumbu mbili mbili, moja ya albamu na moja ya barua. Zote zipo: wafalme, treni za mvuke, hata vikombe vya chai. Lakini ile ya daraja, iliyochapwa kwa makosa bila kile kichwa cha Malkia kilicho kwenye kila stempu yetu, haipo. Ile aliyokuwa nayo moja tu, tuliyonawishwa mikono na kuambiwa tuzuie pumzi ndipo tuione! Baada ya mazishi yake ni wewe uliyebaki siku mbili peke yako nyumbani kwake. Sitaki ugomvi, nataka ukweli. Umeichukua?

Dada yako,
Morwenna

Lerwick, 11 Machi 2011

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Sikuichukua. Siku mbili zile nilikuwa nasugua jiko la Baba, albamu hata sikuigusa. Umenijua miaka hamsini na bado umeniuliza. Imeniuma sana. Usiniandikie mpaka uipate.

Jory

Penzance, 19 Juni 2011

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za siku nyingi? Uliweka jina tupu chini ya barua, nikalia jikoni kama mtoto.

Nimeipata. Unisamehe, Jory. Nilikuwa nayo mimi.

Unakumbuka mwaka 1981, Baba alipokataa kuja kwenye harusi yangu? Wiki mbili baadaye alinitumia barua. Niliona mwandiko wake, nikaitupa ndani ya kopo la biskuti bila kuifungua. Juzi Denzil alilishusha kopo lile kutoka darini. Barua ile ile, na juu yake daraja lisilo na Malkia, limepigwa muhuri wa posta!

Nimeifungua leo, miaka thelathini imepita. Anasema: "Nilikosea. Njooni nyumbani, wewe na Denzil wako. Leo Jumapili, posta imefungwa na stempu zimekwisha. Nikingoja kesho najijua, nitaghairi. Nimechukua ya kwenye albamu."

Nami Krismasi ile nilikwenda mwenyewe, nikidhani ni mimi niliyejishusha kwanza. Alinimiminia chai tu, barua hakuitaja. Kumbe alidhani nimeitikia barua yake!

Nina aibu, lakini moyo umekuwa mwepesi mno. Wewe si mwizi, na Baba aliniita. Niambie umenisamehe.

Dada yako,
Morwenna

Lerwick, 27 Juni 2011

Dada yangu,

Shikamoo, tena shikamoo kubwa! Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuniangalia kama niko sawa. Kisha nimekaa kitandani, nikashusha pumzi ya miezi mitatu.

Sasa naelewa kwa nini mzee aliacha kutuonyesha ukurasa ule, akisingizia mwanga utaipausha stempu. Mjanja yule!

Nimekusamehe, ila kwa masharti. Agosti nakuja, nikute keki ya zafarani, na mtuhumiwa ndiye atakayekata kipande cha kwanza.

Usiibandue stempu kwenye bahasha. Humu ndani nimekutilia mpya, pacha wa hiyo iliyoleta barua hii. Ibandike ukurasa wowote upendao, lakini nafasi ile iache tupu. Baba aliiacha hivyo kwa ajili yako.

Mdogo wako,
Jory