Kioo cha 504 Hakikwenda kwa Brian

Jumamosi, Kitengela. Jua kali na upepo wa vumbi. Nguo nilizoanika asubuhi imebidi nizifue tena, na bado naimba. Leo niko na furaha ambayo mchungaji wangu hangeipenda.

Marehemu mume wangu alikuwa na gari ya 504 nyeupe, ile ndefu ya familia, tuliyosafiria kwenda Bungoma kila Krismasi. Alipostaafu aliifufua mwenyewe hapa uani, nati kwa nati. Alipofariki, macho yangu hayakuniruhusu kuiendesha. Nikampa Brian, kijana wa mtaa huu anayependa magari ya zamani. Sikumuuzia. Nilimpa, kwa ombi moja tu: iache ilivyo.

"Mum, usijali kabisa," aliniambia.

Haikupita miezi mingi. Alikata springi ili gari ilale chini, akaipiga rangi nyeusi isiyong'aa, akatupa viti ambavyo mume wangu alivishona kwa mkono wake. Halafu akaweka video mtandaoni, anacheka na wenzake: "Hii tuliitoa kwa shosho fulani mzee, ilikuwa inaozea na kuku."

Sijawahi kufuga kuku.

Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma zaidi. "Mum, watu wa rika lenu mnataka gari zikae kama makaburi. Sisi tunataka ziishi."

Nikangoja.

Juzi lori la mawe kule Kiserian lilirusha jiwe, likamvunjia kioo cha mbele. Na kesho ni maonyesho ya magari ya zamani Kajiado. Kioo cha 504 hukipati dukani siku hizi, lakini Brian alikumbuka kwamba mume wangu aliweka kimoja stoo. Akanipigia simu jana. Nikamwambia aje leo asubuhi.

Kisha nikampigia Mzee Lemayian wa Isinya, rafiki ya mume wangu. Yeye pia ana 504, kioo chake kina ufa. Vijana wa Brian humwita babu wa makumbusho. Nikamwambia kioo ni chake, aje na pikapu na godoro la kukilazia.

Tulikitoa stoo mimi na Brian, kimefungwa blanketi, yeye mbele, mimi nyuma. "Mungu akubariki, Mum," alikuwa akisema. Alipoona pikapu langoni alidhani nimemtafutia usafiri.

"Weka hapo juu ya godoro," nikamwambia. "Polepole. Hicho ni cha Mzee Lemayian."

Alisimama na kioo mkononi. Lemayian, kando ya pikapu, akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Na mimi, Mum?"

"Si wewe unataka gari ziishi? Yako iishi bila kioo."

Niliyasema hayo maneno taratibu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi jikoni.

Brian angeweza kukiachilia. Sehemu fulani ya moyo wangu ilimwomba akiachilie. Badala yake alikilaza kama mtoto aliyesinzia, akavuta blanketi kufunika kona iliyobaki wazi, akasema, "Sawa, Mum." Akaondoka na ile gari, leso imemfunika pua, vumbi lote la Kitengela likimwingia machoni.

Nilicheka mpaka chai ikapoa.

Lakini ile kona aliyoifunika imekaa nami mchana kutwa. Mtu aliyetupa viti vya mume wangu alipata wapi mikono kama ile? Kama angekivunja, ningemchukia bila kusumbuka.

Sijamsamehe. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

Lemayian anakifunga kioo jioni hii, na amenialika niende naye. Kesho nitavaa kitenge changu cha kanisani, nikae kiti cha mbele, tuingie Kajiado polepole. Nitamwambia apitie pale vijana wa Brian wanaposimama. Kama kuna nafasi ya kuzunguka, tutazunguka mara mbili.