Kofia ya Sajini Walter Imeonekana Soko la Jericho

Mpendwa Mama Mirriam,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba kofia moja ya ngozi, rangi ya kahawia, yenye masikio mawili na mkanda wa kufunga kidevuni, mali ya marehemu Sajini Walter wa jeshi la wanahewa la Mwingereza, imeonekana katika soko la Jericho ikiwa kichwani mwa Matheka, muuza makaa. Habari ziwafikie jamaa na marafiki popote walipo. Mimi ndiye niliyeiona, na tangu siku hiyo chakula hakinipiti, ndipo nakuandikia unisaidie kabla sijampeleka mama yangu mzazi kwa chifu.

Baba yangu, mzee Phares, wakati wa vita vya Hitler alikuwa akiwaandalia wanahewa chakula pale kiwanja cha ndege cha Eastleigh, na huyu Sajini Walter akampenda kwa sababu baba hakuwa mtu wa kumwaga supu, basi siku moja mwaka wa 1943 akampa sanduku la bati akamwambia, "Phares, nitunzie hili, narudi Ijumaa," akapanda ndege akaelekea kaskazini asionekane tena, na baba alipomuuliza afisa aliambiwa hajarudi bado, nenda ukatandike meza. Baba akatunza. Kutoka Majengo alikokaa zamani hizo mpaka nyumba hii ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, tuliyo nayo Jericho, sanduku lilikaa chini ya kitanda chake, kila Januari linatolewa nje, vitu vinaanikwa, vinarudishwa, na sisi watoto tukiomba kuvaa kofia tunaambiwa mwenyewe hatujasikia amekufa. "Aliniambia Ijumaa," baba alikuwa akisema, "hakuniambia Ijumaa gani." Alifariki mwaka wa 1981 akiwa bado anangoja, na mama, Rispa, akaendelea kuanika.

Mimi ni karani wa reli na si mtu wa kukaa tu. Mwaka jana nilifahamiana na Bwana Johnson wa Donholm, anayethamini vitu vya vita kwa niaba ya wazungu wanaovikusanya, nikampelekea orodha ya vilivyomo sandukuni, akaniambia vitu vya mwanahewa aliyekufa vitani vina bei yake, ila sharti kupatikane karatasi ya kuthibitisha, na kitu kisiguswe, hata vumbi lisifutwe. Mama Mirriam, nilihangaika miezi minane. Kila Jumamosi niko maktaba ya mjini nasoma vitabu vya ndege mpaka nikaweza kutambua kofia ya mwaka gani kwa kuangalia mshono tu, nikaandika barua tatu London, na mwezi uliopita ikaja ya kunijibu, ina muhuri, kwamba Sajini Walter, umri miaka ishirini na minne, ndege yake ilianguka tarehe tisa Aprili 1943 na hakupona mtu. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikamsomea mama kwa Kiswahili.

Akaniuliza, "Kwa hivyo amekufa?"

Nikamwambia ndiyo, mama, imeandikwa.

"Wamesema watu wake wenyewe?"

"Wamesema, na wamepiga muhuri."

Akavua kitambaa cha kichwa, akaketi sakafuni, akalia kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo. Mimi nikadhani ni uzee.

Jumamosi nikaenda kumpokea Bwana Johnson kituo cha basi, kurudi naye nakuta uani kumepangwa mabenchi ya kanisa, akina mama wa kanisa wanaimba, chai inapita, na nguo za Sajini ziko kwenye kamba zimefuliwa kwa sabuni ya mche, pamoja na koti la ngozi, koti la ngozi Mama Mirriam, linachuruzika maji kama taulo. Unajua desturi yetu watu wa magharibi mwa Kenya, kwamba mtu akishathibitika amekufa nguo zake hufuliwa na kugawiwa watu wake hadharani. Mama akagawa. Koti akapewa askari wa kulinda soko kwa sababu ya baridi. Skafu ya hariri akapewa jirani yetu Norah, akafungia mtoto mgongoni papo hapo. Miwani akapewa fundi wa kuchomelea vyuma, na nasikia inamfaa sana. Kofia ikapakwa kiwi nyeusi ya viatu na kupewa Matheka, kwa kuwa ndiye aliyempeleka baba hospitali kwa mkokoteni wake. Na mimi, kifungua mimba, niliyeandika barua tatu, nikapewa daftari kuukuu la Sajini lililojaa tarehe na saa za safari zake za ndege kwa penseli, mama akiniambia, "Wewe ndiye msomaji wetu." Nilipandwa na hasira nikalitumbukiza katika jiko la chai mbele yao wote. Bwana Johnson akaweka kikombe chini akaondoka bila kuaga, na simlaumu, nani angevumilia kuona kofia kama ile imepakwa kiwi.

Kesho yake nikamfuata Matheka sokoni nikamwambia kwa heshima, "Ndugu, kofia hiyo ina historia." Akanijibu huku anajaza debe, "Historia mama alitusimulia yote. Wewe ndio ulikuwa unapiga kelele." Wateja wakacheka.

Sasa mama amefunga mzigo wake, uko mlangoni. Ameniambia, "Ukimvua mtu hata soksi, Gordon, mimi napanda basi nirudi nyumbani, na siku nikifa usiniletee jeneza lako." Je, ni haki mtu apoteze jasho la miezi minane kwa sababu ya chai na nyimbo? Niende kwa chifu, ama nizunguke nyumba kwa nyumba nikusanye vitu mwenyewe?

Gordon, Jericho.

*

Gordon,

Pole. Kuandika London mara tatu mpaka ukajibiwa si mchezo; nawajua watu ambao wameshindwa kuandikia ofisi ya ardhi mara moja. Pole yako imeishia hapo, sasa nisikilize.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ambapo vitu hivyo viligeuka kuwa vyako, sijapaona. Baba yako alikaa na kofia hiyo miaka thelathini na minane na hakuivaa hata siku ya mvua. Wewe hujamaliza miaka mitatu tangu umzike, orodha iko Donholm. Na bado unaniuliza habari ya haki.

Unasema mama ameharibu. Mama yako alikuwa akingoja neno moja tu, na hakukuwa na mtu wa kulisema: kwamba mwenye sanduku amekufa. Neno hilo ni wewe uliyelileta, ukamsomea, ukamtafsiria, ukamhakikishia na muhuri. Kisha unashangaa kukuta watu wamekuja matangani. Ulidhani anamlilia nani pale sakafuni? Kijana wa miaka ishirini na minne ameanguka kwenye jangwa la watu, hakuna aliyemwosha, hakuna aliyemwimbia, afisa wake alikuwa na haraka ya meza kutandikwa. Miaka arobaini na moja baadaye akina mama wa Jericho wamemfulia soksi. Hayo ndiyo matanga aliyoyapata, na wewe ukayavuruga.

Halafu kuna jambo jingine. Ulinitumia nakala ya ile barua ya London, nami nimeisoma mpaka chini, si kama wewe uliyemsomea mama mpaka kwenye kifo ukaikunja. Chini kabisa wameandika kwamba dada yake Sajini Walter yuko hai, anwani yake hii hapa, na mtu yeyote mwenye kitu cha kaka yake anaombwa amwandikie. Ukienda kwa chifu na karatasi hiyo, atakuuliza habari ya mstari huo kabla hajauliza habari ya Matheka. Mimi ningekuwa wewe nisingemkaribia chifu hata kwa kibali cha kuchinja mbuzi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kofia iache ilipo, Matheka aliipata mbele za watu na ameifanyia kazi. Leo hii ukitoka ofisini, fungua mzigo wa mama na umrudishie nguo zake kabatini kwa mikono yako. Jumapili baada ya ibada simama mbele ya akina mama wale wale uwaombe radhi, maana hasira uliifanyia hadharani na msamaha hauombwi jikoni. Kisha keti na mama, yeye aseme, wewe uandike, si ndiwe msomaji. Mwandikie yule dada habari za Phares na Ijumaa yake, za kuanika kila Januari, na nani amepewa nini. Mwombe askari, Norah, fundi na Matheka wapige picha moja pamoja, kila mmoja na fungu lake, uitie ndani ya bahasha. Na kama kuna kilichobaki cha daftari lile, hata jalada, kitie pia. Mtu aliyempoteza kaka yake miaka yote hiyo atafurahi kuona mwandiko wake.

Kuhusu thamani, kwa kuwa hiyo ndiyo inayokunyima chakula, nilimpigia simu Bwana Johnson. Ananiambia kofia, makoti na miwani za namna hiyo zilishonwa kwa maelfu. Yeye mwenyewe ana kofia kumi na moja, na mwaka huu hajauliziwa hata moja. Alikuwa amekuja kuangalia daftari.