Kula Yamini Campbelltown

Alhamisi, 4 Februari 2021
Zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nimewaogesha wazee, mmoja kanitemea uji kwenye barakoa. Nimerudi nyumbani Minto, huku ughaibuni, miguu inawaka moto. Kwenye sanduku la barua, wito wa mahakama. Moyo paa! Nilidhani nimeshtakiwa. Kumbe wananitaka kwenye juri: raia kumi na wawili wanaosikiliza kesi na kuamua kama mtu ana hatia. Tarehe 15, mahakama ya Campbelltown. Na kabla ya kukaa, unakula yamini.
Siendi.

Ijumaa, 5 Februari
Namfikiria Mzee Kombo, jirani yetu Tanga. Aliapa kwa msahafu kwamba hakuiba mbuzi. Wiki haikuisha, mdomo ukaenda upande. Leo najua kile ni kiharusi, nawalisha wenye kiharusi kila siku. Hata hivyo. Mbuzi alikutwa kwake.

Jumapili, 7 Februari
Mume wangu, Baba Salim, ana dawa: niwaandikie mahakama kwamba sijui Kiingereza. Nimechukia. Kiingereza hichohicho ndicho kinacholeta mkate humu ndani! Salim, mwanangu, kasema kwa Kiingereza chake kama kawaida: msahafu si lazima, unaweza kuahidi tu kwa maneno. Nikafurahi. Halafu nikajiuliza, kwani Mungu hasikii ahadi?

Jumatatu, 15 Februari
Nimekwenda, maana wito wa mahakama haupuuzwi. Udhu nimetia chooni mahakamani, mguu kwenye sinki, mama mmoja wa Kizungu kanikodolea macho. Mlangoni mwa chumba cha kesi, mlinzi kanimiminia spiriti mikononi kwa ajili ya korona. Udhu wangu wote, na spiriti, pombe ile, juu! Nikasema basi, Mungu anajua nia.
Tumekaa mbali mbali. Wanaita namba, si majina. Naomba kimoyomoyo isiwe yangu. Ikaitwa. Mawakili wanaweza kumkataa mtu bila kueleza sababu. Mwanamke aliyenitangulia kakataliwa. Nikawaangalia: nikataeni na mimi. Hakuna aliyenikataa.
Ndipo nikamwona mshtakiwa. Rika la Salim. Suti imemzidi mabega. Barakoa inapanda na kushuka kwa pumzi. Nikawaza, angekuwa Salim pale, ningetaka nani akae kwenye kiti hiki? Mtu anayeogopa yamini.
Karani akaniuliza nachagua kipi, msahafu au ahadi.
"Msahafu," nikasema. Nikaushika, nikaapa.

Jumatano, 17 Februari
Anadaiwa kuvunja duka. Nasikiliza mpaka masikio yanauma. Mwendesha mashtaka akisema, namwamini. Wakili wa kijana akisema, namwamini na yeye. Mambo magumu haya. Jirani yangu wa kiti, fundi bomba, naye anahema tu. Nimefarijika kuona si mimi peke yangu.
Dada kapiga simu toka Tanga, anataka habari. Tumekatazwa kusema. Kanuna. Mimi huyu, mwenye mdomo unaojulikana mtaa mzima, leo nafunga mdomo! Najicheka.

Jumanne, 23 Februari
Hana hatia. Sote kumi na wawili.
Tuliyosemezana chumbani yanabaki chumbani, hata daftari hili silihadithii. Naandika hili tu: sikutamka neno nisiloliamini. Mama yake alilia kwa sauti. Mimi nililia ndani ya barakoa. Fundi bomba alinipungia mkono nje, kama tuliokulia mtaa mmoja. Nimeishi nchi hii miaka mingi, leo ndiyo nimejiona wa hapa.

Jumatano, 24 Februari
Nimeamka, nimeswali. Nikajitazama kwenye kioo kwa muda. Mdomo umenyooka.
Nikavaa barakoa, nikaenda kazini.