Betri Haikuwa na Kosa

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Skrubu zako nimeziokota, ziko kwenye kikombe juu ya friji. Moja niliikuta ndani ya unga. Mswaki wangu, ule uliosugulia plagi ya pikipiki, sasa ni wako.

Najua utarudi kutoka kwa fundi umeibeba betri kwapani, na atakuwa amekwambia ni nzima. Hata mimi ningekwambia. Asubuhi honi ililia na taa ziliwaka, lakini wewe ukashikilia kuwa betri imekufa, eti nimeiua mimi kwa kuchezea taa. Ulisema hivyo uani, jirani akianika nguo huku ametega masikio. Nilipofungua mdomo ukaniambia ninyamaze, mambo ya umeme nitayajulia wapi. Nikavuta kigoda, nikakaa.

~~Samahani kwa kukuacha uhangaike.~~ Hapana. Nilistarehe.

Ukishairudisha betri, tazama ile swichi nyekundu kwenye usukani, upande wa kulia. Imezimwa. Uliizima mwenyewe jana jioni ili mdogo wako asiondoke na pikipiki. Iwashe, kisha piga stata.

Niliiona kabla hujashika bisibisi. Mama yako naye aliiona. Mimi nilikuonea huruma kidogo, nikataka kusema; yeye ndiye aliyenikonyeza ninyamaze.

Mama watoto