Baiskeli Isionekane kwa Grâce

Kashojwa, 12 Februari 2023

Mdogo wangu Léopold,

Salamu zikufikie hapo Ruti kabla hujakaa kwenye cherehani, maana najua ukishaanza kukanyaga husikii tena mtu. Hujambo? Kile kikohozi cha vumbi la vitambaa kimekuachia? Huku kambini tuko. Magoti yangu yananikumbusha umri, mahindi yanangoja mvua, na mvua yenyewe inangoja nani sijui.

Unauliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi kama mtu wa zamani. Simu yangu inashinda kwa Kayumba wa chaji, na Kayumba anasoma meseji za watu kabla wenyewe hawajazisoma. Juzi alinipa pole ya homa ya shangazi yetu wa Uvira, habari ambayo mimi nilikuwa sijaipata. Barua hii anakuletea Melchior wa maharagwe. Melchior hajui kusoma, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Mkeo Grâce yuko salama. Tumbo sasa linatangulia, yeye anafuata. Tangu mlipopimwa nyinyi wawili mkakutwa na virusi, hajaacha kidonge hata siku moja. Muuguzi wa kituo alimwambia kwa Kiswahili chao cha Uganda: "Wewe mama, kunywa dawa hivyo hivyo, mutoto atatoka mzuri, hana kitu." Grâce alinieleza hayo bombani, kwa midomo tu, bila sauti. Sijawahi kuona mtu akifurahi kimya namna ile.

Sasa shida. Lile shirika la mambo ya ukimwi limetupa sisi wajitoleaji wake baiskeli za rangi ya machungwa, tufike nyumba za mbali, tuwape wagonjwa moyo. Nyuma wameandika kwa herufi kubwa kwamba siri yako iko salama. Ukiegemeza baiskeli hiyo kwenye ukuta wa mtu, kabla hujamaliza maji aliyokupa, mtaa mzima umeshajua mwenye nyumba anameza nini. Nilijaribu ujanja: natangulia kwa nyumba zisizo na kitu, nakaa, naongea habari za kuku, ndipo naenda kwa mgonjwa. Sasa zile zisizo na kitu zinanifungia mlango. Mke wa mwenyekiti alinitokea na fagio mkononi: "Mama Sidonie, kuku zangu hazina ukimwi. Endelea na safari."

Tangu baiskeli hizi zije sijakanyaga kwa Grâce. Nakuuliza wewe mwenye mke: niende, au niache? Mtoto yuko njiani, na shangazi ni mimi, dada wa baba yake.

Yaya wako,
Sidonie


Ruti, 1 Machi 2023

Yaya Sidonie,

Barua nimeipata, inanukia maharagwe. Nimefurahi kusikia uko muzima, magoti tumwachie Mungu. Mimi kifua kimepona. Kazi ipo, shule zinataka sare, na kila mzazi anataka kaptula ya mtoto wake iwe na fasi ya kukulia miaka mitatu.

Dawa zangu, kama unavyojua, nachukulia hapa mjini ili nisijulikane. Ndivyo nilivyofikiri. Mara ya mwisho nilikuta nusu ya Kashojwa imekaa kwenye benchi la foleni, kila mmoja ameinamia simu iliyozimika. Katekista wetu alikuwa mbele yangu. Akaniambia, "Ndugu Léopold, nimekuja kuona mgonjwa." Nikamwambia mimi pia. Tukaenda kumwona mgonjwa wetu kwenye dirisha lile lile, yeye kwanza, mimi nyuma.

Juu ya Grâce, yaya, naomba usiende. Na baiskeli usiende, na kwa miguu pia usiende, maana siku hizi uso wako ndio baiskeli. Unajua nikiwa huko mimi ndiye naimbisha kwaya. Wamama wa sauti ya kwanza wote wanakaa mstari wa nyumba yetu. Wakijua leo, Jumapili nitakayorudi hakuna atakayefungua mdomo nikiinua mkono.

Umwangalie kwa mbali. Ukiwa na kitu, mpe mtu ampelekee. Ni kwa kumlinda yeye. Grâce ana akili, atafahamu.

Mdogo wako,
Léopold


Kashojwa, 7 Mei 2023

Baba Adélaïde,

Ndiyo, nimekuita hivyo, zoea. Natumaini umekaa vizuri na hakuna sindano karibu. Umepata mtoto wa kike, na Grâce amempa jina la marehemu mama yetu. Amezaliwa mzima, analia kama mtu anayedai haki yake. Anapewa matone ya dawa kila siku kama muuguzi alivyoagiza, na kipimo cha kwanza kitafanyika hivi karibuni.

Haya yote nayaandika kama mtu anayesoma habari za redio, kwa sababu mimi sijamwona.

Nimefanya kama ulivyosema. Unga wa uji na kanga nilimpa Doriane, yule mama wa Burundi anayepakana na Grâce, akapeleka. Doriane aliniangalia sana. Akasema, "Sidonie, mtoto wa ndugu yako, wewe unatuma mtu?" Nikamjibu nina kazi nyingi. Akasema, "Kazi ya kutembelea watu."

Wewe unajua kwetu mambo yanavyokwenda. Mtoto wa kwanza wa kaka anapokelewa na shangazi. Shangazi ndiye anamtoa nje kwenye jua mara ya kwanza, anamwonyesha kwa watu. Asipokuja, watu wanajua mtoto ana neno. Adélaïde ametolewa nje na Doriane. Mimi nilipita barabara ya juu siku hiyo, nikasimama nyuma ya duka la sabuni kama mwizi wa sabuni. Niliona kitambaa cheupe tu.

Naogopa tumekosea hesabu, Léo. Tulifikiria watu watasema nini wakiniona. Hatukufikiria Grâce atasema nini asiponiona. Nimekutana naye bombani juzi. Nikamsalimia, akaitika, akaondoka na ndoo nusu.

Ukija, au ukimpigia, mweleze. Mwambie ni sisi tuliopanga. Mimi nikimweleza itaonekana najitetea. Kutoka kwako ataamini.

Yaya wako,
Sidonie


Ruti, 11 Juni 2023

Yaya,

Salamu nyingi kwako na kwa magoti. Nashukuru kwa habari za binti yangu. Niliposoma jina la mama niliacha cherehani, nikatoka nje kidogo, nikasema nimeishiwa uzi.

Sijaweza kuja. Muhula umefunguliwa na tajiri hataki kusikia habari ya ruhusa. Kumpigia Grâce nimempigia mara nyingi. Lakini spika ya sikioni ya simu yake imekufa, lazima aweke sauti ya nje, na nikisema tu "allô" nasikia wamama watatu wananiitikia. Ningeelezaje jambo kama hilo? Nilimuuliza mtoto ananyonya, akasema ananyonya. Nikamuuliza kipimo, akasema, "Kilitoka vizuri." Nikamwambia yaya anakusalimia. Akasema, "Mwambie nimesikia."

Ana kinyongo kidogo tu, kitaisha. Nitakuja Agosti shule zikifunga, nitamweleza ana kwa ana. Wewe endelea hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Léopold


Kashojwa, 2 Septemba 2023

Léopold,

Hujambo. Mimi sijambo, lakini si sana.

Agosti imepita hukuja. Sikulaumu, nakuandikia tu. Grâce ameondoka na mtoto. Kwenye simu hapatikani. Nyumba imefungwa kwa waya, vyungu viko ndani. Kituoni wanasema hajaja kuchukua dawa zake. Wengine wanasema amerudi Congo kwa mama yake, wengine wanasema alipanda gari la mjini. Ukisikiliza wote, amekwenda pande zote.

Doriane amenieleza alichosema siku ya mwisho. Nakuandikia kama alivyoniambia, sikupunguza.

Doriane alimwambia, "Wifi yako ana kazi nyingi, mvumilie." Grâce akamjibu: "Ule mama anazunguka kambi yote akisema batu basiogopane. Anakaa kwa batu hata hajui majina yabo. Kwangu haingii. Huu ugonjwa anaujua kutupita sisi wote. Kama yeye anaogopa kubeba huyu mtoto, basi kuna kitu anajua na hataki kusema. Muuguzi analipwa kunituliza. Ule ni ndugu, na ndugu amekimbia."

Unaona, mdogo wangu. Miaka yote hii nimesimama mbele ya watu na vitabu vyangu vya picha, mimi niliyeishia darasa la tano, nikieleza kwamba kumbeba mtoto hakuna hatari. Maneno yangu yote Grâce aliyaweka upande mmoja wa mizani, na upande mwingine akaweka kwamba sikuja. Ungekuwa wewe ungeamini upande gani?

Leo nilikwenda. Nilipanda baiskeli mchana kweupe, nikapita katikati ya sauti yako ya kwanza yote, nikaiegemeza kwenye ukuta wa nyumba isiyo na mtu. Wamama walitoka wakaniangalia. Mmoja akasema, "Mama Sidonie, huyo tulishajua tangu ana mimba. Tulikuwa tunashangaa tu mbona wewe haujui."

Mtafute. Anza na hospitali za huko. Akikatiza dawa wakati ananyonyesha, mtoto ambaye alitoka safi anaweza kuambukizwa sasa.

Yaya wako,
Sidonie


Ruti, 19 Novemba 2023

Yaya Sidonie,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikutaka kuandika kabla sijawa na kitu cha kusema.

Nimempata. Yuko Bwizibwera, anaosha mikebe ya maziwa fasi magari yanapokuja kupakia. Fundi mwenzangu alimwona. Nilifika, tajiri wake Mganda akanisimamisha getini: "Wewe ni nani yake? Bwana? Sasa bwana, ngoja huko nje, amalize kazi." Nikangoja. Alitoka na mtoto mgongoni, mikono imekauka kwa sabuni.

Nikuambie kwanza la muhimu. Dawa anakunywa. Alikaa bila dawa wiki kadhaa, akapata vidonda mdomoni, akajipeleka mwenyewe kwenye kliniki ya hapo. Mtoto atapimwa tena mwezi ujao.

Nilimweleza yote. Kwamba ni mimi niliyesema usiende, kwamba wewe ulitaka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Mulikaa mukaongea juu yangu?" Nikasema tuliandikiana. "Tangu lini?" Nikasema tangu Februari. Akacheka kidogo. "Mimi nilikuwa fasi ya dakika tano kutoka kwake. Barua zinapanda mpaka Ruti, zinarudi, zinapita mbele ya mulango wangu."

Nilimwomba turudi, au aje Ruti tukae pamoja. Akasema, "Baba Adélaïde, wewe ulichunga kwaya. Nenda uimbe." Kwaya yenyewe nimeiacha, lakini sikumwambia, ingeonekana naiuza ili arudi.

Lakini hakukataa kuonana na wewe. Alisema, "Akitaka kuja, barabara iko." Nenda, yaya. Mimi nimeshindwa, labda wewe.

Mdogo wako,
Léopold


Kashojwa, 28 Januari 2024

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Najua unangoja barua hii, na najua utatafuta neno moja tu ndani yake, la kurudi, kwa hiyo nakuambia mapema halimo.

Nilikwenda Bwizibwera Jumamosi. Nilivaa kitenge changu kizuri. Grâce alinipokea vizuri sana, Léo, vizuri mno. Alitandika mkeka, akafuta vumbi lisilokuwepo, akasema, "Karibu, mama." Hakusema wifi. Zamani alikuwa ananiita mzee wa kambi, ananitania kwamba nitazikwa na vitabu vyangu vya picha. Nilingoja utani. Alinipa heshima.

Mtoto kipimo cha pili kimetoka safi. Alinionyesha karatasi ya kliniki bila mimi kuuliza, kama mtu anavyomwonyesha askari. Kimebaki cha mwisho, akishaacha kunyonya. Dawa amezipanga kwenye kopo la chumvi. Kazi yangu angeifanya kunishinda.

Nilimwambia nisamehe. Akasema, "Hakuna neno, mama. Mulikuwa munanilinda." Sauti yake haikuwa na hasira. Ningelipa chochote iwe na hasira.

Akapika. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala kidogo juu, vile visamaki vya ziwani, chakula cha mgeni wa maana. Tukanawa. Unajua kwetu bugali unawekwa katikati na kila mkono unaingia. Nikapeleka mkono. Akausogeza mkono wangu taratibu, kwa adabu, akaniwekea mbele sahani nyingine, imejaa, imefunikwa. Bado ilikuwa na kile kikaratasi cha dukani kwa chini.

"Yako ni hii," akasema. "Nimekununulia mupya. Sisi hatujakula humo."

Nilimwambia, Grâce, mimi nataka kula na wewe. Akasema, "Najua, mama. Kula."

Nikala. Nilimaliza yote. Sijui nilichokuwa nakula, lakini sikubakiza hata jani.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Adélaïde alikuwa mgongoni kwake, kichwa kimetoka nje ya kitenge. Ana paji la mama yetu, lile pana. Nikanyoosha mikono, nikasema, nipe basi nimbebe kidogo kabla gari halijafika.

"Amelala," akasema Grâce.

Mtoto alikuwa ananiangalia.

Nikasema haya, tusimwamshe.

Yaya wako,
Sidonie